Mkoa wa almasi venye niliuona, na venye mdosi wangu aliniuza njiani kwenda airport

Wakuu, niaje.

Hii nitaandika venye ilitokea, chumvi nimeacha jikoni. Mwenye ataona ni chai, aje Waithaka aniulize uso kwa uso.

Mimi ni fundi wa cold room, zile za kuweka nyama baridi. Dagoretti vichinjio karibu vyote vinanijua. Mashine ikizima na nyama imejaa, mimi ndio huitwa.

Mdosi wangu wa hiyo time anaishi Kitisuru, kwa matajiri. Jamaa wa suti na viatu vya kung'aa, mwenye huongea kama anahutubia mkutano hata akiagiza chai. Alipata kazi ya kuweka cold room kwa kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Angola, mkoa unaitwa Lunda Norte, juu kabisa mpakani na Congo.

Lakini Nairobi hakuna mtu aliambiwa ni cold room. Kila mtu aliambiwa "naenda kwa mambo ya diamonds." Kanisani kwake wakamwombea kabisa.

Tukapanda ndege mpaka Luanda, halafu ingine mpaka Dundo, mji mkuu wa huo mkoa.

Sasa wacha niwape picha, juu najua hapa kuna watu wanaota hizo maneno.

Ukiskia almasi unafikiria utapata mji unameta. Zii. Dundo ni mji mdogo umetulia. Katikati kuna nyumba safi za zamani, zile wakoloni wa kampuni ya almasi walijijengea, nyasi mbele na miti imepandwa kwa laini. Toka hapo kidogo tu, ni udongo mwekundu, nyumba za matofali ya udongo, na akina mama na maji kichwani. Mvua ikinyesha, barabara inakuwa uji.

Mgodi wenyewe huuoni. Unaona fensi, geti, walinzi, na kibao cha kukufukuza. Kuna mahali mto umegeuzwa njia ndio wachimbe chini yake. Fikiria hiyo. Mto mzima umeambiwa uhame.

Na wenyeji? Ukipatikana na jiwe bila karatasi, wewe ni mwizi. Ulizaliwa hapo, babu yako amezikwa hapo, lakini mwizi ni wewe. Yule amekuja na ndege ndio mwekezaji.

Ndani ya kambi nyama inaletwa kutoka ng'ambo ikiwa imegandishwa. Nje ya fensi ni muhogo asubuhi, muhogo jioni. Wanasonga ugali wa muhogo wanaita funje, unavutika hivi kama gundi. Ukizoea ni mtamu. Mdosi aliuonja mara moja akautema kwa tissue, mbele ya mama aliyeupika.

Huyo mama ndio nataka mumjue. Anaitwa Mama Kapinga. Ni Mkongomani wa Lubumbashi, aliolewa huko Dundo, ana kahoteli ka mabati kando ya soko. Siku ya kwanza kuniskia nikiongea na wife kwa simu, alitoka jikoni mbio.

"Weye! Unasemaka Kiswahili? Unatoka wapi, mwana yangu?"

Nikamwambia Kenya. Akanishika mikono yote miwili, hataki kuachilia. Kuanzia hapo nilikuwa nakula kwake. Mdosi alikula kwa hoteli yake kubwa, pekee yake, akipiga picha sahani.

Kazi ikaenda poa. Cold room ikashika baridi vizuri, nikapanga vyombo vyangu, nikawa tayari kurudi home.

Kumbe mdosi alikuwa na yake. Jamaa fulani alikuwa amemfuata sokoni na jiwe limefungwa kwa nailoni, na yeye akanunua. Hii yote Mama Kapinga alinieleza baadaye, juu soko nzima ilimwona.

Na hakuliweka kwa mfuko yake, wakuu. Aliliingiza ndani ya toolbox yangu, chini kabisa.

Tukasimamishwa njiani kwenda airport. Askari akamwaga vyombo vyangu chini, spana baada ya spana. Nailoni ikaanguka. Kireno sijui, lakini "diamante" haihitaji mtu wa kutafsiri.

Nikamwangalia mdosi. Nilikuwa na uhakika atasema kitu. Akarekebisha tai, akasema polepole ndio askari ashike vizuri:

"This man is just a technician. I hardly know him."

Ati mimi ni fundi tu, hata hanijui vizuri. Huyu ni mtu alikuja matanga ya babangu, akapewa mic, akasema mimi ni kama kijana wake.

Mimi nikafungiwa kituoni. Yeye akaenda kupanda ndege.

Huko ndani nililia, sitawadanganya. Mambo ya mawe huko si mchezo. Nilikuwa nafikiria watoto wangu wataambiwa baba alienda wapi. Askari wa hapo kituoni wakiniuliza kitu najibu Kiingereza, najaribu Kiswahili, wananiangalia tu.

Halafu nikaskia sauti ya Mama Kapinga, kumbe habari ilikuwa imeshafika sokoni. Aliingia na sufuria ya funje na samaki, akaitua kwa meza ya mkubwa wa kituo, akaweka mkono kiunoni na kuanza kumgombeza kwa Kichokwe, lugha ya wenyeji, na Kireno. Alipomaliza akanitafsiria:

"Nimemuambia, huyu anakulaka kwangu kila siku. Hana akili ya wizi, iko na akili ya frigo tu. Mupime ile jiwe kwanza! Munafunga muntu bila kupima?"

Nikajipata nacheka na machozi bado yanatoka.

Wakaita mtu wao wa mawe. Akaliweka kwa kidude chake, akaangalia, akaangalia tena, halafu akacheka mpaka akatafuta kiti.

Chupa, wakuu! Kipande ya chupa, imesuguliwa kwa mchanga mpaka ikapendeza. Kituo kizima kilicheka. Mkubwa akaniachilia mwenyewe, na ile funje tukaimaliza pamoja.

Kwa hivyo niliokolewa na mdomo ya Mama Kapinga, na ujinga wa mtu wa Kitisuru mwenye hawezi kutofautisha almasi na chupa ya bia.

Watu wa kambi wakanipangia ndege ingine. Kufika Nairobi, napata mdosi ashatangulia na story yake. Ati tulivamiwa, ati yeye ndio alinipigania nikatoka. Watu wa town wananipigia simu wananiambia nimshukuru Mungu kwa boss kama huyo.

Sikubishana na mtu. Nikaacha tu kwenda kazi, nikajianzia yangu Dagoretti.

Juzi Jumamosi gari yake ikatokea kwa gate yetu. Cold room za wateja wake zilikuwa zimeanza kufa moja moja. Hakushuka, aliogopa matope. Akapiga honi. Mimi nilikuwa mezani, so wife, Wambui, akatoka.

"Niitie bwanako," nikaskia mdosi akisema. "Mwambie tusahau hiyo maneno ya Angola. Kuna kazi."

"Bwanangu anakula, mzee."

"Nitangoja."

"Akimaliza atalala kidogo. Akiamka ataenda kuona mamake. Sasa sijui utangojea wapi, juu hapo umepaki ni njia ya watu."

Akafunga gate, akarudi, akaniongezea mboga.

Nimejifunza hii: mahali pana utajiri mwingi chini, angalia nani anapika kwa kuni hapo juu. Niliacha Mama Kapinga akipuliza moto, na hapo ng'ambo taa za fensi zinawaka mchana. Ukienda huko, enda na kazi ya mikono yako. Mawe achia wajinga wenye suti.

Mwenye amefanya kazi pahali kama hapo, aweke yake hapa chini tusome. Na wale wa kusema ningetoka nje nimskize mzee wa watu, semeni pia, lakini mjue Wambui anasoma comments.