Pengo la Mstari wa Tatu

Jino langu la mbele lilianza kucheza wiki ileile rafiki yangu alipolazwa. Asiyepiga tarumbeta atasema jino ni jino, ling'oe, weka la bandia, maisha yaendelee. Daktari wa meno aliniambia hivyohivyo huku akivua glavu, nami mdomo umejaa pamba. Lakini kwetu sisi jino la mbele ndilo linaloshikilia mdomo, na mdomo ndio sauti. Likitoka, nabaki na bomba la shaba.

Basi nikaanza kuishi kwa woga. Nyumbani kwangu Kimandolu nilitafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa, nikaacha mahindi ya kuchoma ninayoyapenda kupita kiasi, na kila asubuhi, kabla ya kusema neno, nilipeleka ulimi kulikagua. Lipo. Mke wangu alinicheka. "Baba, salimia watu kwanza, jino halijaenda popote."

Rafiki yangu na mimi tulipiga pamoja tangu ujana, katika kikundi cha tarumbeta cha kanisa, kule Nkoaranga tulikozaliwa. Kwenye harusi tulisimama nyuma ya pikapu tukazunguka mji mzima mbele ya gari la maharusi, tukarudi midomo imevimba. Kwenye misiba tulipiga mpaka tukajuana na wachimba kaburi. Wenzetu wakaondoka mmoja mmoja. Aliondoka mpiga besi, ambaye hakuwahi kuwahi popote ila siku ya kuzikwa kwake. Akaondoka yule wa sauti ya tatu, aliyekuwa akifumba macho na kupuliza hadi mishipa ya shingo ikatutisha. Wamekuja vijana wazuri, wanaosoma nota kutushinda, ila simu haziwatoki mikononi. Sauti ya kwanza tukabaki mimi na yeye.

Wapigaji wawili wa sauti moja hawavuti pumzi mahali pamoja. Mmoja akivuta, mwenzake anashikilia, ili wimbo usikatike. Katika ule wimbo wa taratibu tunaoupiga jeneza likishuka, yeye alivuta mwishoni mwa mstari wa pili, mimi katikati ya wa tatu. Hatukupanga, ilitokea tu tukiwa vijana, ikabaki. Mkewe, aliyetusikiliza tukifanya mazoezi uani miaka yote huku akitupikia loshoro, chakula chetu laini cha mahindi na maziwa mgando, alikuwa akisema tuna kifua kimoja.

Mkewe huyo ndiye aliyenipigia simu. "Shemeji, mwenzio ametutoka," akasema. "Alitaka umpigie ule wimbo wewe."

Nikamwambia nitapiga. Nilipokata simu ndipo woga uliponishika sawasawa. Nitafika katikati ya mstari wa tatu, nitavuta pumzi, na hakutakuwa na wa kushikilia. Wimbo utakatika mbele ya watu, juu ya kaburi lake. Na jino je, likinitoka palepale?

Nilifanya mazoezi chumbani, madirisha yamefungwa. Nilijaribu kuupita mstari ule bila kuvuta, kifua kikakataa. Nilijaribu kuiba pumzi mapema kidogo, mdomo ukalegea, jino likauma hadi sikioni. Nilishikwa na hasira nikamsema marehemu kwa sauti: umeniachia wimbo mzima peke yangu, unataka nife nao? Halafu nikalia.

Siku ya maziko mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kwake inateleza. Tulipanda tumeshikilia migomba. Wasemaji wakasema yanayosemwa, kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Nimeyasikia maneno hayo kwenye kila msiba niliopiga bila kuyasikiliza. Safari hii nililigusa jino kwa ulimi. Lipo.

Jeneza likaanza kushuka, tukaanza kupiga. Alipokuwa akivuta yeye, mwishoni mwa mstari wa pili, nilishikilia kwa mazoea, kana kwamba yupo. Nikaingia wa tatu. Katikati kifua kikaisha, nikavuta. Sauti ya kwanza ikapotea kabisa. Chini yangu besi iliendelea yenyewe, na nikasikia maji yakidondoka kwenye majani ya kahawa. Kisha nikarudi, nikapiga kama sijawahi kupiga, wala sikulikumbuka jino tena hadi mwisho.

Baada ya watu kula, shemeji aliniletea bakuli la loshoro, kwa kuwa alishasikia habari za jino langu. Sikuweza kumtazama.

"Shemeji, nisamehe," nikasema. "Nimeukata wimbo."

"Pale kwenye mstari wa tatu?"

"Palepale."

Akakaa kwenye benchi kando yangu. "Miaka yote mlikuwa mkipiga hapa uani, sikuweza kujua ipi ni sauti yako na ipi ni yake," akasema. "Leo ndio nimejua yeye alikuwa anapiga wapi."

Jino bado linacheza, na kila asubuhi bado nalikagua. Jumapili iliyopita kiongozi wetu, kijana mwenye adabu, aliniamkia, kisha akaniuliza kama aniwekee mtu wa kunishikilia sauti ninapovuta pumzi. "Maana kunabaki pengo, mzee." Nikamwambia nyimbo nyingine zote aweke amtakaye. Ule mmoja auache ulivyo.