Upande wa Kulia wa Baba Mercy

Mume wangu Tsofa hakuwa mzembe barabarani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Tononoka wana midomo, na wengine tunakaa nao ukuta mmoja. Baiskeli yake ilikuwa na kengele, breki mbili, taa mbele na kioo chekundu nyuma. Helmeti aliivaa hata akienda kununua mafuta taa hapo dukani. Taa za barabarani zikiwa nyekundu alisimama, na wenye pikipiki wakimpita humcheka. Mimi mwenyewe nilimcheka.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mikate ya bekari kwenye maduka ya Mji wa Kale, kisha kwenye nyumba za Kizingo. Na kila alikokwenda alishika upande wa kulia, magari yakimjia usoni. Ndivyo alivyofundishwa shuleni, kwao Kaloleni. Mwalimu aliwapanga kando ya lami akawaambia apitaye kwa miguu ashike kulia, ayaone magari yanayomjia. Yule mwalimu alikuwa akisema na watoto wasio na viatu. Baiskeli angeitaja ya nini? Tsofa alipopata baiskeli ukubwani, aliipanda na somo lake lile lile. Nikimuuliza mbona wengine hupita kushoto, hunijibu, "Kanze, gari la kuniua nataka nilione uso." Nikaona ana akili. Binti yetu Mercy naye akamfundisha kupanda baiskeli hivyo hivyo.

Na mtu asiniambie hakuna aliyemwona. Pale Mwembe Tayari kuna askari wa trafiki, Dancan, mtu wa maneno matamu. Kila asubuhi alipokea mkate wake wa bure, wakacheka kidogo, kisha akainua mkono kusimamisha magari ili baba Mercy avuke aende upande wake wa kulia. Miaka na miaka! Mtu wa sheria ndiye aliyekuwa akimvusha.

Siku ya siku, huko Kizingo, gari lilitoka kwenye lango la nyumba likikata kushoto. Dereva, kijana aitwaye Ziad, aliangalia kulia kwake, ambako magari hutokea. Kushoto hakuangalia, na kwa nini aangalie? Tsofa alitokea huko huko. Gari akaliona uso, kama alivyotaka. Goti likasagika, mikate ikatapakaa barabarani.

Ziad hakukimbia, nampa haki yake. Alimpeleka hospitali mwenyewe, na mamake, Bi Hind, akaja kututazama na birika la uji. Wakatuambia tusiwe na wasiwasi, gari lina bima. Daktari naye alisema goti likipasuliwa mapema litakunjika tena na Tsofa atapanda baiskeli yake; likichelewa, ni magongo mpaka kaburini. Basi mguu wa mume wangu ukawa unangoja neno moja tu: nani mwenye kosa.

Neno hilo lilitoka kwa Dancan. Ndiye aliyetumwa kupima pale barabarani. Nilipomfuata kituoni hakunitazama machoni.

"Mama, baiskeli ni chombo kama gari. Hupita kushoto. Mzee alikuwa upande usio wake."

"Na wewe uliyekuwa ukimvusha?"

Akasema yeye alikuwa akimsaidia mzee kuvuka tu, basi.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ndivyo wasemavyo. Mbona huu haukumgusa aliyekula mikate? Bima ilikataa. Ziad alileta alichokuwa nacho, hakikutosha upasuaji. Nina hasira na Dancan, nina hasira na yule mwalimu aliyekwishakufa, na siku nyingine nina hasira na Tsofa mwenyewe. Kuuliza si ujinga, naye hakuuliza hata siku moja. Mercy nimemhamishia kushoto kwa ukali, analia na kunambia baba alisema kulia.

Siku hizi Tsofa hutembea kwa magongo, kulia, magari yakimjia usoni. Juzi tulipita Mwembe Tayari. Dancan alituona, akainua mkono, magari yakasimama, tukavuka polepole mpaka upande wa pili.

"Hapo sawa, mzee," akasema kwa upole. "Ukienda kwa miguu, huo ndio upande wako."

Na baba Mercy, mjinga wangu, akamshukuru.