Darubini Iliyotazama Ng'ambo

Katoni ilifika kwa treni ikiwa na utepe wa gundi wa aina mbili, wa kahawia na juu yake mweupe, nikajua kuna mtu alikwisha kuifungua njiani. Nilipanga kila kitu juu ya mkeka: darubini yenyewe, fupi, haizidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, pete mbili za kuishikia, kioo cha kutazamia kwa jicho, na kipande cha kuiunganisha na kamera. Hakikupungua kitu. Hilo nalo nikalishuku.

Ndivyo nilivyo. Nilikuwa na studio ya picha Mwanga, hapa Kigoma mjini, na miaka ile ya wakimbizi karibu kila mtu alihitaji picha za pasipoti za kubandika kwenye fomu fulani. Ukishinda unatazama nyuso za watu na kuwaambia wasicheke, mwishowe unaona kila mtu anaficha jambo. Nyota hazina fomu za kujaza. Ndiyo maana nilijinyima muda mrefu nikaagiza darubini ndogo ya lenzi, isiyovuta sana karibu bali inayoshika eneo pana la mbingu kwa picha moja.

Nyumbani kwangu Ujiji alikuwepo mpangaji mmoja, mwanamke fundi cherehani, mwenye chumba kinachotazama uani. Alisema ni wa vijiji vya Kasulu. Sikumwamini. Mama yangu ni Muha, na Kiha cha fundi yule kilikuwa na mwendo wa ng'ambo ya mpaka. Siku hizo gari lenye kipaza sauti lilikuwa linapita mitaani likitangaza kwamba mkimbizi anayeishi nje ya kambi arudi kambini, na mwenye nyumba anayemficha atachukuliwa pamoja naye. Likipita, fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Tukaishi hivyo, yeye hasemi, mimi siulizi.

Darubini mpya hujaribiwa kwanza mchana, kwa kitu cha mbali sana, na kitu cha mbali kuliko vyote Ujiji ni milima ya Kongo. Mvua zilikuwa zimekwisha na hewa imesafika. Alasiri nikaisimamisha uani, nikaielekeza ziwani juu ya ukuta, nikazungusha taratibu mpaka mgongo wa milima ukakaa sawa. Ulikuwa na ukingo wa zambarau, rangi ambayo lenzi nzuri haiongezi. Nikasema moyoni, nimepigwa, lenzi hii si ile niliyoisoma kwenye tangazo.

Baada ya isha nikaigeuzia kusini. Kamera inapoachwa wazi kwa dakika nzima, lazima darubini izunguke polepole kufuata nyota, na ili izunguke vizuri lazima ielekezwe kwenye ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Kwetu Kigoma ncha hiyo iko chini mno, imefichwa na mapaa ya jirani, kwa hiyo nilipima kwa dira na kukisia. Katikati ya picha nyota zilitoka nukta safi. Pembeni zilirefuka kama punje za mchele. Nililaumu lenzi, nikamlaumu na aliyefungua katoni, ilhali kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeiweka kamera karibu mno na lenzi. Upande wa ziwa nako wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa zao, maana na wao wanapenda giza lisilo na mwezi kama ninavyolipenda mimi, na mwanga ukapanda mpaka nusu ya anga.

Na kila nilipoinua kichwa, pazia la fundi lilikuwa limesogea. Chumba chake hakina taa, lakini pazia limesogea. Usiku wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Ningemwita aje atazame, lakini sikumwita. Nilijiuliza ananichungulia kwa faida ya nani.

Siku ya nne mwanamke anayeuza samaki wa migebuka karibu na studio aliniambia, huku akiwapunga nzi, "Dada, huko kwenu wanasema unapiga picha Kongo." Kabla ya adhuhuri nikapata ujumbe kutoka kwa balozi wa nyumba kumi: kesho yake jioni watu wataangalia mwezi wa Ramadhani, naye angependa wauangalie uani kwangu, akione na hicho chombo. Nilichemka. Ukuta wangu nilidhani ni mrefu. Anayeona uani kwangu ni mtu mmoja tu.

Nilimkuta fundi barazani anashona mkono wa gauni. Akanisalimia, kisha akauliza kwa upole, "Dada, chombo kile kinaona mpaka wapi?"

"Kinaona mpaka kwenu," nikamwambia nikicheka. "Kesho nitakuonyesha paa la mama yako."

Ujiji tunawatania Waha tangu asubuhi mpaka jioni, nao hawatuachi. Mtu wa Kasulu angenirudishia jibu la kunikata maini. Yeye alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akabaki amelishika.

"Ego, dada," akasema. Ndiyo. Kisha akaendelea na ule mkono wa gauni. Nikaingia ndani nikijiona nimeshinda, na mpaka leo naona haya kulisema.

Kesho yake nilirudi alasiri nikakuta mlango wake una kufuli. Nilichungulia dirishani. Godoro halikuwepo, wala ndoo, wala nguo msumarini. Cherehani ilikuwepo, kwa sababu cherehani ni nzito na huwezi kukimbia nayo. Nilisimama pale mpaka watu walipoanza kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia balozi. Aliitikia marahaba, daftari kwapani. Sheikh wa mtaa akasema macho kwanza, chombo baadaye, na bibi mmoja jirani akauona mwezi kabla yetu sote, mwembamba, juu ya milima ya Kongo. Watu wakamshukuru Mungu, kisha wakapanga foleni kwenye darubini. Balozi alitazama muda mrefu kuliko wote. Alipoinuka alinivuta kando kidogo, si mbali, watu walikuwa wanasikia.

"Dada, nilikuwa niwalete mgambo hapa. Watu watatu walikuja kwangu, wamekuona kutoka barabarani chombo kimeelekea ng'ambo. Kilichonizuia ni fundi wako. Jana asubuhi alisimama mlangoni kwangu akaapa kwamba usiku kucha unatazama juu tu. Amekaa dirishani siku tatu, anasema, ili akiulizwa awe shahidi."

Niligeuka nikalitazama kufuli la mlango wake.

"Nikamuuliza, na wewe ni wa wapi, mbona jina lako halimo kwenye daftari langu? Akaniambia, muulize dada, yeye atanijibia." Akalifungua daftari. "Haya, nijibu. Ni wa wapi?"

Nikamulika ukurasa kwa tochi yangu ya mwanga mwekundu, ile ninayotumia nikitazama nyota. "Wa Simbo," nikasema, nikitaja kijiji cha jirani. "Mtoto wa shangazi yangu." Nikamtajia na ukoo. Aliandika polepole, herufi moja moja, akapiga mstari chini yake, nami nikajua kwamba kuanzia hapo hakuna ambaye angemgusa.

"Vizuri," akasema. "Basi mwite, naye autazame kabla haujazama."

"Ameenda dukani, mzee. Anarudi sasa hivi."

Watu wakasogea kidogo, wakamwachia nafasi kwenye darubini.