Stendi ya Njano

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa stendi ya kamera, nikaambiwa niibebe nizunguke nayo soko la Kitale lote, halafu nirudi niseme imeniuma wapi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Studio yetu ya picha ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu za mahindi. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Bungoma, mtu mrefu, mpole, mwenye kuvaa tai hata Jumamosi. Wafanyakazi tulikuwa wawili tu, mimi na karani wa kaunta, lakini yeye alitaka aitwe Mkurugenzi, nasi tukamwita hivyo. Kama wazee wengi wa kwao, "r" na "l" zilikuwa zikibadilishana viti kinywani mwake, na tangu siku hiyo sikuwa tena Nyambura.

"Nyambula," akaniuliza niliporudi nikihema, "imekuuma wapi?"

"Begani, Mkurugenzi. Na hapa kwa kiuno."

"Vizuli sana. Mtu akienda dukani anachagua stendi na macho. Wewe utachagua na bega."

Ninyi mnaopiga picha kwa simu mtaniuliza stendi ilikuwa ya nini. Wakati wetu tulitumia filamu, na mahali penye mwanga hafifu, kwa mfano ndani ya kanisa, shata ilibidi ikae wazi kwa muda. Shata ni kile kijipazia kilicho ndani ya kamera, kinachofunguka mwanga uingie. Ikiwa wazi, pumzi ya mpiga picha peke yake inatosha kumpa bibi harusi pua mbili. Ndiyo maana kamera huwekwa juu ya miguu mitatu. Mitatu, kwa sababu kitu cha miguu minne kitayumba penye ardhi isiyo sawa, lakini cha mitatu kitakaa popote, hata kwenye matuta ya viazi.

Ile stendi niliyoizungusha sokoni ilikuwa chuma kitupu, haikufaa kutoka studioni. Kwa hiyo Mkurugenzi akanunua nyingine ya bati jepesi, inayokunjika ikatosha kwenye mkoba. Niliipenda mno. Ilikuwa nyepesi hata nikaisahau mara mbili kwa watu.

Kisha tukaitwa shule moja karibu na Kiminini. Mwalimu mkuu alikuwa amepandishwa cheo, anahamishwa, na alitaka picha rasmi pamoja na walimu wake. Niliwapanga kwa safu, nikachungulia kwenye kamera, nikaona kila kitu kiko sawa. Nikasimama kando na waya wa kufyatulia mkononi, nikawa nawachekesha huku nafyatua. Nilichokuwa sijui ni kwamba kichwa cha stendi, ile sehemu ya juu inayoshika kamera, kilikuwa cha plastiki, na skrubu yake haikuweza uzito wa kamera yetu. Kila nilipofyatua, kamera ilikuwa ikiinama kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia katikati ya mahubiri.

Tulipoosha filamu, picha ya kwanza ilikuwa na watu. Ya pili ilianzia kifuani. Zilizobaki zote zilikuwa viatu.

Mwalimu mkuu alizitazama moja baada ya nyingine pale kaunta, bila haraka, kama anayesahihisha mtihani.

"Madam," akasema, "hivi viatu ni vyangu, nimevitambua. Lakini aliyepandishwa cheo ni mimi."

Mkurugenzi aliaibika sana. Alimwomba mwalimu mkuu msamaha, akatuma gari likusanye walimu wote tena, akaja mwenyewe kusimamia. Kisha akatoweka ofisini kwa siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amebeba begani kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Alikifungua mbele yetu taratibu. Ilikuwa stendi ya mbao ngumu, iliyopakwa rangi ya njano inayoonekana kutoka mlima wa pili, na kila mguu ulikuwa na ncha ya chuma ya kukita ardhini. Alikuwa ameinunua kwa sorovea mstaafu, yaani mpimaji wa mashamba. Fundi mmoja wa vyuma huko Webuye alikuwa amechonga kipande cha kuunganisha skrubu yake na kamera yetu.

"Hii," akasema huku akiipiga kofi kama ng'ombe wa maonyesho, "hata ngombe ikiigonga, ni ngombe itaumia."

Kusema kweli, ilikuwa imara. Aliikalia mwenyewe, na tai yake, na haikulia. Ila ilikuwa nzito kama mtoto wa darasa la tatu, na ikikunjwa ilinifika kidevuni.

Mwezi uliofuata nikahamishiwa tawi jipya la Bungoma, nikapewa cheo cha Meneja wa Tawi. Tawi lilikuwa mimi na stendi. Huko usafiri ulikuwa bodaboda za baiskeli, na kila nilipotaka kupanda, mwendeshaji aliitazama stendi kwanza, kisha mimi, kisha akaniuliza ni nani kati yetu atakayetembea kwa miguu.

Lakini uzito haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa rangi. Katika nchi yetu kila mtu ana neno na jirani yake kuhusu mpaka, na kila mtu anajua kifaa cha sorovea kinavyoonekana. Nilipoisimamisha kando ya barabara kupiga picha ya duka jipya, wenye vibanda walianza kuvivuta nyuma bila kuambiwa. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniletea soda baridi, akaninong'oneza, "Madam, hiyo laini yako si unaweza kuikunja kidogo tu ipite kwa huyu jirani yangu?" Niliinywa ile soda, nikamweleza ukweli, naye akasema wapimaji wote husema hivyo.

Nilimpigia Mkurugenzi simu kumwomba niipake rangi nyeusi.

"Hapana, Nyambula. Mteja akiona hiyo langi anajua kazi ni ya selikali."

Basi ndipo akaja Kukhu Nekesa. Kukhu ni bibi kwa Kibukusu, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Aliingia studioni akipapasa ukuta kwa kiganja, maana mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili. Daktari alikuwa amemwambia atapasuliwa, ila hakumwahidi kitu. Akaketi, akanieleza shida yake kwa sauti ya chini. Alikuwa na wana wanne. Tangu walipomzika baba yao hawajawahi kusimama mahali pamoja, kwa sababu ya mpaka wa shamba.

"Mimi naenda kukatwa macho," akasema. "Nikirudi na giza, ni sawa. Lakini kwanza nataka niwaone hawa vijana kwa picha moja. Picha naweza kuiweka hapa karibu na pua, nione."

Nikaenda kwake Jumapili baada ya ibada, kama tulivyopatana. Alikuwa amepika kuku. Viti vinne vilikuwa vimepangwa mbele ya nyumba, na hakuna aliyekuja. Mmoja alituma ujumbe kwamba ng'ombe anazaa. Mwingine alisema atakuja kama fulani hatakuja, na fulani akasema vivyo hivyo. Kukhu alikuwa amevaa gauni la sherehe na kitambaa kipya kichwani, na alikuwa akigeuza uso kila aliposikia nyayo njiani. Nikamwambia nitatayarisha kamera hata hivyo, labda watatokea.

Mwanga mzuri ulikuwa pembeni mwa boma, pale mahindi yanapoanzia. Nikakita ncha za stendi kwenye udongo, nikairefusha miguu, ikasimama njano tupu peupe. Jirani mmoja alikuwa akipita na jembe. Alisimama, akatazama, akatupa jembe chini, akakimbia.

Nilikuwa sijamaliza kufunga kamera niliposikia kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Wafula, mkubwa wao, akiwa na gambuti moja tu mguuni. Wa pili akatokea ndani ya mahindi akipunga kivuli cha hati ya shamba. Wa tatu alikuja kwa baiskeli, akairuka kabla haijasimama, ikaendelea peke yake mpaka kwenye banda la kuku. Na Barasa, kitinda mimba, alifika akimvuta mzee wa mtaa kwa mkono.

"Nani amekutuma?" Wafula akanifokea. "Wewe sorovea, nani amekuleta hapa?"

"Si ni wewe!" wa pili akadakia. "Umeleta mtu apime Jumapili, ukijua ofisi imefungwa!"

"Ati mimi? Bana, mimi nilikuwa na ng'ombe!"

"Yule anazaa tangu asubuhi?"

Wote wanne wakawa wananipigia kelele kwa pamoja, na mzee wa mtaa naye akiwapigia kelele wanyamaze. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kusema kwamba mimi ni mpiga picha tu, ndipo Kukhu alipousogelea mkono wangu, akaubana kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

"Madam amekuja kufanya kazi yake," akawaambia. "Lakini hawezi kufanya kama mmetawanyika kama kuku. Anataka kuona kila mtu amesimama wapi. Njooni hapa mbele yake. Wafula, simama hapa kwa mkono wangu. Wewe pale. Songa, songa! Hakuna wa kupimwa akiwa mbali."

Kila mmoja aliogopa asipokuwepo atapunjwa, kwa hiyo wakasimama. Wa pili aliikumbatia hati yake kifuani. Nikainama nyuma ya kamera. Wingu lilikuwa limefunika jua na upepo wa mvua ulikuwa umeanza kulaza mahindi. Mwanga ulipungua kiasi kwamba shata ilibidi ikae wazi kwa muda, na kwa ile stendi nyepesi ningepata ukungu mtupu. Stendi ya njano haikujali upepo.

"Sasa hiyo kitu iko juu," Barasa akasema polepole, akikaza macho, "si ni kamera?"

Wafula akaitazama kamera, akautazama mguu wake usio na gambuti, akamtazama mama yake aliyevaa gauni la sherehe. Viti vinne vilikuwa bado vinangoja mbele ya nyumba.

"Mama," akasema, "umetuweza."

Barasa ndiye aliyeanza kucheka, halafu yule wa hati, na Kukhu mwenyewe akacheka mpaka kitambaa kikamteremkia usoni. Walipotulia kuvuta pumzi, ndipo nilipofyatua.

Je, walipatana? Siku ile, hapana. Mvua ilitufungia sote ndani, wakala kuku huku wakibishana juu ya mpaka mdomo ukiwa umejaa. Lakini walibishana wakiwa chumba kimoja, na mama yao alikuwa ameketi katikati akigeuza sikio huku na huku kama anayesikiliza kwaya.

Kukhu aliitwa hospitali kabla sijamaliza kuiosha picha, akapasuliwa. Jicho moja lilirudi vizuri, la pili likabaki na ukungu. Alikuja studioni bila kupapasa ukuta, akaiomba ile picha kubwa niliyokuwa nimemwekea, akaitazama kwa muda mrefu.

"Madam, huyu Wafula umemnenepesha?"

"Hapana, Kukhu. Ni yeye."

"Na hizi mvi?"

"Ni zake."

Akapitisha kidole juu ya nyuso zile, moja moja. "Sikuwa nimejua watoto wangu wamezeeka," akasema.

Baadaye wale ndugu walimwita sorovea wa kweli. Wafula alinifuata mpaka Bungoma kuniambia kwamba wote wanne wamekubali kupimiwa, kwa sharti moja, kwamba nami niwepo. Nilikwenda. Kila jiwe la mpaka lilipofukiwa, niliwapiga picha wakiwa wamesimama kando yake, na hakuna aliyeling'oa hata moja.

Kamera za digitali zilipokuja, kamera zenyewe zikawa nyepesi, na mgongo wangu ukaanza kudai haki zake. Mkurugenzi akaniruhusu nichague stendi yangu mwenyewe. Nilikwenda duka la vifaa vya picha la Kitale nikamsumbua muuzaji tangu alipofungua. Niliinua kila stendi mpaka mwisho, nikaibonyeza juu kwa viganja nione kama miguu itapanuka. Nilifunga kichwa nikakivuta chini kwa nguvu, maana viatu vya mwalimu mkuu sikuwa nimevisahau. Niliangalia vifungo vya miguu kama vinaweza kufungwa na mtu mwenye vidole vyenye baridi. Nilitafuta ndoano chini ya nguzo ya katikati, nikatundika mkoba wangu, kwa sababu stendi nyepesi ikiongezwa uzito pale chini hutulia kwenye upepo. Mwisho niliiweka begani nikatoka nayo nje.

"Madam! Unaenda wapi na stendi?" muuzaji akapiga kelele.

"Sokoni. Nitarudi nikuambie imeniuma wapi."

Haikuniuma. Ilikuwa nyeusi, inakunjika chini ya kwapa, na kamera ilikaa juu yake kama imezaliwa hapo. Nilifanya nayo kazi mpaka nilipostaafu.

Siku ya kuaga, wateja wa zamani walijaa studioni Bungoma, na ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote hiyo sikuwa na picha hata moja ya mimi nikiwa kazini. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikaipa zile sekunde za kujifyatua yenyewe, mara tatu mfululizo, nikakimbia kujiunga na wenzangu. Magoti yangu si ya mbio. Picha ya kwanza ilinikuta nimeipa mgongo. Ya pili ilinikuta nikiinama kuokota kiatu. Katika ya tatu nimefika, lakini nimefikia ukingoni, nusu ya uso wangu iko nje.

Wakasema turudie. Nikakataa. Hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwangu leo. Wageni huniuliza yule mama aliyekatika nusu ni nani, nami huwajibu kwamba ndiye aliyewapanga wengine wote.