Chura wa Kwenye Matandazo

Asubuhi moja ya mvua za vuli haijanitoka akilini, mwanangu, na picha ya chura uliyonitumia jana kwenye simu imeirudisha yote.

Nilikuwa msichana, tunaishi hapahapa Bugene. Nilikuwa natoka kuchota maji nikamwona mbwa wetu, Kamata, akichomoka kwenye migomba huku anatokwa povu, anatikisa kichwa na kujifuta mdomo kwa miguu. Akakimbilia banda la mbuzi lililokuwa tupu. Tata, yaani baba yangu, akalifunga kwa nje akaenda kuchukua panga.

"Ni kichaa," alisema. "Aking'ata mtoto tutalia."

Hakukosea kuogopa. Lakini Kamata nilimlea mwenyewe tangu mdogo, nikimgawia uji wangu, na nikaanza kulia. Nikamkimbilia Bibi, mama yake Tata, aliyekuwa anamenya ndizi jikoni. Bibi hakuwa mtu wa haraka hata kidogo. Aliuliza tu, "Ametokea wapi?"

"Kwenye matandazo."

Akachukua fimbo, tukaenda, akafunua nyasi tulizotandaza chini ya migomba. Chura alikuwa pale, amejivimbisha, mgongoni ana alama za meno na ute mweupe.

Nikabisha. "Lakini Bibi, kule kijitoni Kamata anakula vyura kila siku na hapati kitu."

"Wale si huyu. Mwangalie vizuri."

Basi nikachuchumaa. Ngozi yake ilikuwa kavu, imejaa vipele, wakati yule wa kijitoni ni laini na anateleza. Miguu yake ya nyuma ni mifupi, anatambaa na kurukaruka kidogo. Mwenzake anakupotea kwa mruko mmoja. Nyuma ya macho ana vivimbe viwili, na Bibi alisema humo ndimo anamoweka sumu yake. Hata mayai, huyu huyataga majini kama ushanga uliotungwa kwenye uzi, mwenzake huyaacha donge zima. Nilisahau kulia kwa kushangaa. Na jana wewe ukanisomea kwamba huyu hana jino hata moja. Miaka yote hii naishi naye, kumchungulia mdomoni sikuwahi!

Tata alikuwa bado ameshika panga. "Na kama ni kichaa kweli?"

"Si umeshamfungia?" Bibi akamjibu. "Mwache humo, mtu asimguse. Panga lako halikimbii."

Jioni povu lilikuwa limekwisha na Kamata analilia chakula. Hata hivyo Bibi hakuruhusu atolewe mpaka siku nyingi zilipopita. Alipofunguliwa alitupita sote, mimi niliyemlea nikiwemo, akaenda kulala miguuni pa Tata. Tata alikaa pale mpaka giza likaingia, hakusogeza mguu.

Kwa hiyo, mwanangu, jambo likikutisha, jilinde kwanza, funga mlango. Kisha uliza limetokea wapi, uiname ulitazame kabla hujalipa jina. Na huyo chura wa kwenye picha mwache alipo, asubuhi atakuwa amekula wadudu wengi kwenye migomba yako. Mungu akupe macho ya kutazama na mkono usio na pupa, na kibanja chako kisikose ndizi wala wa kuzila pamoja nawe.