Dari ya Daktari wa Meno

Mume wa dada yangu ni daktari wa meno, na kwa mama yangu neno la mkwe halipingwi. Akiwa mkwe na daktari pia, ndiyo basi tena. Ameshatoa hukumu kuhusu samli, siasa na simu ninayofaa kununua, na zote zinafuatwa nyumbani kwetu.

Mimi na mama tunakaa ghorofani, Mji wa Kale, chini ya dari ya boriti za mikoko zilizochoka. Boriti moja ilikuwa imepinda juu ya mto wa kulalia wa mama hasa, na kila asubuhi mama alikuwa akikung'uta mchanga kwenye foronya. Nilimsihi ahamie chumba cha mbele, ambacho dari yake ni mpya.

"Daktari ashasema ni uzee tu," akanijibu.

Daktari alisema hivyo Ijumaa moja, mdomo umejaa biriani, na wala hakuinua macho kutazama juu. Nikamuuliza mama meno na boriti vina uhusiano gani.

"Vyote huoza," akasema. "Na yeye ndiye aliyesomea kuoza. Wewe wasomea nini?"

Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Nikamfuata shemeji kwenye kliniki yake Tononoka, nikamleta hadi nyumbani amweleze mama ukweli. Akasimama chini ya ile boriti, akaitazama kwa mara ya kwanza, akajikohoza.

"Mama, mambo ya dari mimi siyajui. Najua meno tu."

Mama akanigeukia, uso umemnawiri kwa fahari. "Waona? Msomi wa kweli hajisifu."

Nikamkanyaga shemeji mguu, tena kwa nguvu.

"Lakini usilale hapa, mama," akasema haraka. "Hamia chumba cha mbele, leo hii."

Mama hakuuliza sababu. Kabla ya magharibi godoro lilikuwa limeshahama.

Wiki ile ile boriti ikaanguka mchana, pamoja na mawe na chokaa yake, ikavunja kitanda kitupu. Tulisimama mlangoni tukikohoa vumbi. Mama alinishika mkono.

"Daktari aliniambia," akasema.

Majibu nilikuwa nayo tele, nimeyaweka kwa miezi. Nikatazama pale palipokuwa na mto wake.

"Naam, mama," nikasema. "Daktari alisema."