Magagulo ya Msoma Mita

Mume wangu alisoma mita za umeme mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo kazi ya watu ilikuwa kumfungia mlango. Wakimwona na begi lake kwenye kona, mtaa mzima unahama. Alipostaafu nilimwomba Mungu ampe shughuli ya kumtoa miguuni kwangu: afuge kuku, acheze karata, hata agombane na majirani. Nikajibiwa. Akaanza kushona magauni ya kale.

Tena si ya zamani hizi za mama zetu. La hasha! Magauni ya mabibi wa Kizungu wa enzi ambazo umeme haukuwepo. Labda ndiyo maana yalimpendeza. Aliona tangazo la Kongamano la Washonaji wa Mavazi ya Kale, akaenda kwa ajili ya chai ya bure. Akarudi mtu mwingine.

"Mama watoto, wamenipigia makofi!" akaniambia hata hajavua viatu. "Nimeuliza swali moja tu, ukumbi mzima makofi."

"Umeuliza nini?"

"Wale mabibi, na magauni yale mapana, walikuwa wanakaaje."

Basi kichwa kikamvimba. Kitinda mimba wetu alipokuja kutuambia amepata mchumba, hakumaliza hata sentensi, baba yake akaruka kwenye kiti: "Gauni la harusi nitakushonea kwa mkono wangu!" Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama dari. Lakini yule binti hajawahi kumnyima baba yake kitu, akasema, "Sawa, Baba."

Hapo ndipo alipoingia nyumbani kwangu mwenyekiti wa kongamano, mama mmoja tuliyembandika jina la Mama Pindo, kwa sababu hata salamu hajatoa ameshainama, amegeuza pindo la nguo yako kukagua uzi. Langu alilikagua mlangoni, akaguna. Halafu akakaa kwenye kochi langu na kutoa amri: vazi la kale hujengwa kutoka ndani kwenda nje. Usipime gauni kabla nguo za chini yake hazijakamilika zote, maana ndizo zinazotengeneza umbo. Mume wangu aliitikia kwa kichwa kama vile anakula kiapo.

Akaanza na shimizi. Akaipiga picha, akaitupia kwenye kundi lao la simu, na ushauri ukamwagika. Mmoja akasema mishono ni mikubwa, akafumua. Mwingine akasema sasa imekuwa midogo, mabibi wa enzi zile hawakuwa na muda huo, akafumua tena. Wataalamu jamani! Kushona mtu hajashona, lakini kufumua wote mabingwa.

Ikaja koseti ya kubana kiuno. Ndani yake alitia vile vikamba vya plastiki vya mafundi umeme, vya kufungia nyaya, navyo vilikaa wima kama mbavu. Kitu cha pekee alichofanya haraka, na kundi likagombana juu yake mpaka watu wawili wakajitoa. Likafuata gagulo la matao, sketi ya ndani yenye pete za waya, ambalo lilichukua sebule yangu yote. Tukahamia kula jikoni. Juu ya hilo, gagulo jingine. Na jingine. La mwisho lilikuwa jeupe, la lesi na marinda, lote kwa mkono, maana kwenye dini yao mashine ni haramu. Cherehani yangu ilifunikwa shuka utadhani imefariki.

"Na gauni je?" nikamuuliza.

"Gauni ni kitu kidogo, mama. Ni la juu tu."

Wiki ya harusi kitambaa cha gauni kilikuwa bado kwenye karatasi ya dukani. Yeye yuko wapi? Kongamanoni tena, maana hukutana kila mwezi, kwenye mada ya mikono ya gauni. Akarudi amenywea: mikono aliyopanga kumbe si ya enzi ile. Maji yalinifika shingoni. Nikaenda zangu kukodi gauni la dukani, lenye shanga za kuumiza macho, nikalificha kwa jirani.

Asubuhi ya harusi nilimkuta mbele ya kitambaa, mkasi mkononi, hakati. Binti akaingia.

"Mwanangu, nimeshindwa," akamwambia. "Nimekushonea nguo za ndani tu."

Nami nikatokea na gauni langu la kukodi, kwa maringo yote. Binti akalitazama, kisha akamtazama baba yake, aliyekuwa anakunja magagulo taratibu, kama alivyokuwa akifunga begi lake kila alipofungiwa mlango. Roho iliniuma, siwezi kusema uongo.

"Mama," akasema binti, "nifunge hiyo koseti."

Akavaa vyote, shimizi mpaka lesi. Alipendeza mpaka nikakosa mtu wa kumsema. Ukumbini vigelegele, kila mtu anasifia gauni. Kila mtu isipokuwa safu moja, ya wageni wa kongamano waliokaribishwa na mume wangu. Hao macho yaliwatoka pima. Ni wao tu waliojua kwamba bibi harusi amesimama mbele ya wakwe zake na nguo za ndani.

Mama Pindo akainuka. Mume wangu akanishika mkono, jasho linamtiririka. Mama yule akaenda moja kwa moja kwa bibi harusi, akainama, akageuza pindo. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama wima akaanza kupiga makofi, na safu yake yote ikafuata. Mume wangu alilia kama mtoto, na shati alilolilowesha ni langu kulifua.

Gauni la shanga nimelirudisha. Kitambaa kile bado kipo. Jana amekuja nacho pamoja na futi ya kupimia, akaniambia kwamba kwa kuwa nguo za ndani kaondoka nazo binti, na gauni halipimwi bila hizo, inabidi aanze upya, na safari hii ni zangu.

"Kwa umri huu?" nikamuuliza. "Nikavae wapi?"

"Kongamanoni," akajibu, amesimama pale mlangoni, hajaingia, anasubiri.

Nilikuwa na maneno mengi tu ya kumwambia. Nikainua mikono, apime.